Mwaka Ulioandikwa

Safari ya saba kutoka ziwani, debe likiwa kichwani na maji yakimchuruzikia shingoni, Dancille alikanyaga ncha ya jiwe jeusi ikapenya mpira wa kandambili mpaka kwenye nyama. Hakusimama. Ukisimama na debe limejaa, shingo ndiyo inayoumia. Alipanda vile vile, akiacha doa dogo la damu kila mguu wa kushoto ulipotua, mpaka kwenye jumba la Mzungu lililokuwa likijengwa pale Kyeshero, akamimina maji kwenye pipa la waashi. Nyapara akachungulia ndani.

"Mama Paulin, bado liko nusu."

"Naona, bwana."

"Unataka waashi bakoroge sementi na mate?"

Waashi walicheka. Dancille naye akacheka, maana nyapara akifanya mzaha sharti ucheke, kisha akaweka kata kichwani na kurudi chini.

Mji mzima wa Goma umekaa juu ya moto wa volkano ulioganda. Ukichimba kisima unakuta mwamba, na chini ya mwamba ule kuna mwamba mwingine. Maji yote ni ya ziwa, na ziwa liko chini. Wazungu waliojenga ufukweni walikuwa na pampu. Mtaa wa Majengo, alikokaa Dancille, kulikuwa na vichwa vya wanawake.

Ni pampu hizo zilizomtia mwanawe Paulin wazimu. Alikuwa mwaka wa tatu wa sekondari ya misioni, kijana mwembamba mwenye magoti makubwa, na kwa miaka miwili hakuwa na hadithi nyingine. Wenzake walibishana juu ya kazi watakazofanya kama watu wanaogawana ng'ombe ambaye hajanunuliwa. Wengine walitaka ualimu, wengine seminari. Rafiki yake Kamate alisema mwenye akili anakuwa karani, maana karani anavaa viatu hata siku ya mvua.

"Karani anaandika jina la kitu," Paulin alimjibu. "Fundi anakifanya kitembee."

"Na kikikataa kutembea?"

"Njo hapo, ndipo hapo wanakuita."

Kila Jumamosi alishinda kwenye gereji ya Mgiriki mmoja, akiosha nati kwa mafuta ya taa bila mshahara, ili tu aruhusiwe kutazama. Jioni alirudi ananuka mafuta na kuchora aliyoyaona kwenye kaye, daftari lake la shule: pistoni ya injini, mnyororo, ulimi mdogo wa ngozi unaofungua maji yaende juu na kuyafungia njia yasirudi. Ukurasa mmoja aliuchora kwa siku nyingi. Alikuwa amepima mwinuko wa njia toka ziwani hadi Majengo kwa uzi na chupa yenye maji nusu, hatua kwa hatua, watu wakimcheka. Kwenye ukurasa huo ziwa lilikuwa mstari wa chini, pampu ilikuwa duara, na juu kabisa palikuwa na kiboksi kidogo. Dancille hakujua kusoma, lakini alijua kiboksi kile ni nini, kwa sababu mwanawe alikuwa amechora debe mlangoni, limepinduliwa, kuku amelala juu yake.

"Miaka tatu shule ya ufundi, ng'ambo ya ziwa," alimweleza, akikunja vidole. "Mwaka moja kwa injini ya meli. Kisha nakuja."

"Na mke?"

"Mama, kwanza pampu."

Mtihani wa kuingia shule ya ufundi walifanya vijana thelathini na wawili wa misioni. Paulin akawa wa pili. Kamate, ambaye mwishowe alimfuata rafiki yake na kuviacha viatu vya ukarani, akawa wa tisa. Walichukuliwa kumi. Meli ingeondoka Alhamisi ya mwisho ya mwezi wa nane, mwaka ule wa hamsini na tano, na Dancille alikuwa ameshafua shati, akalikunja, akaliweka chini ya mkeka ili lijinyooshe.

Siku ile ya mguu kuumia, Paulin alimfuata ufukweni. Alisimama kwenye maji mpaka vifundoni na viatu vyake mkononi.

"Mama, Padiri Direkta anakuita. Anasema niko muzee."

Alijaribu kucheka, kicheko kikagoma.

"Muzee vipi?"

"Shule haipokee mutu aliyepita miaka kumi na saba. Kitabu cha misioni kinasema niko na kumi na tisa."

Dancille aliliacha debe lizame. Aliliona likijaa, likienda chini taratibu, na hakulishika mpaka Paulin alipoinama kulitoa.

Alijua ile miaka miwili ya ziada ilitoka wapi. Aliitia yeye.

Ulikuwa mwaka wa arobaini na tatu, njaa ya Ruzagayura imevuka mpaka kutoka Rwanda na kukaa milangoni kwa watu. Misioni ilikuwa inawapa watoto wa shule bakuli la uji wa mtama saa nne. Aliyekuwa na bakuli la misioni aliishi. Lakini shule ilichukua watoto wa miaka saba, na kwa kuwa hakuna mzazi aliyekuwa na karatasi, Padiri wa wakati ule alipima umri kwa mkono: mtoto apitishe mkono wa kulia juu ya kichwa, ashike sikio la kushoto. Akilishika, ameshatimiza saba. Asipolishika, arudi kwao akakue.

Paulin hakuwa ametimiza hata mitano. Vidole vyake viliishia kwenye nywele. Dancille alimkalisha kizingitini kila asubuhi kwa wiki tatu, akampaka samli begani, akauvuta ule mkono juu ya kichwa, mtoto akilia, yeye akivuta. Mkono haukurefuka. Basi akamfundisha shingo.

"Inamisha kidogo, mwanangu. Kama mutu anayesikiliza vizuri. Hivyo. Lete sikio kwa mukono."

Siku ya kuandikisha, Paulin alisimama mbele ya Padiri na kuinamisha kichwa kwa adabu kubwa, na vidole vikagusa ncha ya sikio. Padiri akaandika. Dancille hakuona kilichoandikwa. Alikuwa anatazama bakuli.

Mtoto alirudia darasa la kwanza mara tatu kwa sababu alikuwa anasinzia. Lakini alinenepa, akaishi.

*

Padiri Direkta, mkuu wa shule ya misioni, hakuwa yule wa zamani. Huyu alikuwa kijana, mwenye macho mekundu ya kusoma sana, na alimpa Dancille kiti. Alisikiliza habari ya mkono na sikio mpaka mwisho, bila kumkatiza. Kisha akaweka kiganja juu ya kitabu kikubwa kilichokuwa mezani.

"Kwa hiyo ulilidanganya Kanisa."

"Kanisa halikuniuliza mwaka, Padiri. Liliuliza sikio."

Paulin, aliyekuwa amesimama ukutani, alitazama sakafu. Padiri alikifungua kile kitabu.

"Mwaka aliozaliwa unaujua?"

"Moto ulikuwa umefika ziwani, kule Sake. Tulikuwa tunakaa huko. Nilimuzaa wiki ileile, jivu linaanguka kwa majani ya migomba. Mukagasana alinizalisha, anaishi hapa Majengo, muulize. Umutazame mwenyewe, Padiri. Huyu iko na ndevu?"

Padiri alimtazama Paulin, na macho yake mekundu yalikaa juu ya ile mifupa ya mabega.

"Kwa macho yangu naona mtoto wa miaka kumi na sita," alisema. "Lakini shule haikuomba macho yangu. Imeomba nakala ya kitabu. Na kitabu hiki nakala yake nyingine iko kwa Askofu. Nikifuta huku, kule kutabaki."

"Basi nifanye nini?"

"Nenda kwa bilo ya teritware, ofisi ya serikali. Karani akikupa karatasi ya kurekebisha umri, mimi nitatia sahihi saa ileile. Leo ni Jumatatu. Meli ni Alhamisi." Akasimama, mazungumzo yamekwisha. Akiwa anawafungulia mlango aliongeza, kwa sauti ya mtu mwenye huruma: "Ikishindikana, Paulin, nina bustani kubwa. Anayejua kulima vizuri, naye ni fundi."

"Ndiyo, Padiri," Paulin alisema.

Walipofika karibu na nyumba ndipo Paulin aliposema, "Karani ataelewa. Iko na kipimo, si ni moto? Moto ule kila mutu anajua mwaka wake."

*

Jumanne asubuhi walikuwa wanne kwenye foleni: Dancille, Paulin, Mukagasana mkunga, na fimbo ya Mukagasana, ambayo mwenyewe aliihesabu kuwa mtu. Wengine walikaa kwenye majani mbele ya ofisi, wanawake upande wao, wanaume upande wao. Karani aliitwa Adalbert. Alikuwa na tai, saa ya mkononi na kalamu ya wino aliyokuwa anaifunga na kuifungua kwa kila mtu aliyefika. Nyuma yake kulikuwa na mlango, na nyuma ya mlango alikuwa Mzungu, ambaye hakuonekana. Kilisikika kikohozi tu.

"Alizaliwa lini?"

"Mwaka moto ulipoingia ziwani, bwana. Sake."

"Namba, mama."

"Namba njo unayo wewe, bwana. Mimi niko na moto."

Adalbert alitabasamu. Hakuwa mtu mbaya, na asubuhi ilikuwa bado na baridi nzuri. "Thelathini na nane," alisema. "Nani asiyejua? Nilikuwa mwanafunzi. Walitupeleka kuona. Maji yalikuwa yanachemka, samaki wanaelea wameiva, watu wanakula bila kuwasha jiko."

"Njo huo!" Dancille alipiga makofi. Paulin, nyuma yake, alivuta pumzi kwa nguvu. "Njo huo mwaka, bwana. Thelathini na nane."

"Mashahidi?"

Mukagasana aliegemea fimbo na kusogea mbele. "Mimi."

"Wewe ni nani kwake?"

"Mimi njo mikono ya kwanza iliyomushika. Alitoka miguu mbele, huyu. Mupaka leo njo hivyo, anapenda kwenda."

Wanawake kwenye majani walicheka. Adalbert alifunga kalamu.

"Mashahidi ni wanaume wawili, wazima, wenye kitabu cha utambulisho, ambao walikuwepo."

"Walikuwepo wapi?"

"Kwenye kuzaliwa."

Kicheko kilitoka upande wa wanawake, kwanza kwa mmoja, kisha kwa wote. Mwanamke mmoja alijifunika uso kwa kitambaa.

"Wanaume kwa nyumba ya kuzalia!" Mukagasana alisema. "Eh, karani, mwanangu, wakati mama yako anakuzaa, baba yako alikuwa ameshika taa?"

Hata wanaume walicheka sasa. Kikohozi kilisikika nyuma ya mlango, na kicheko kikakatika kama kamba. Adalbert alikuwa ameacha kutabasamu. Alinyoosha tai yake.

"Mwanamke haandikwi kuwa shahidi wa umri. Si mimi niliyetunga. Baba yake yuko wapi?"

"Hitimana alikwenda migodi ya Maniema, ni miaka nane sasa," Dancille alisema. "Hakuna barua, hakuna habari."

"Basi hakuna shahidi."

"Bwana, umesema mwenyewe sasa hivi! Umesema mwaka wa moto unaujua, ulikula samaki!"

"Nimesema najua. Sijasema naandika."

Alikuwa ameshafungua rejista nyingine, kubwa kuliko ile ya Padiri, kidole chake kikishuka kwenye majina. Kikasimama. Kikarudi juu kidogo, kikasimama tena.

"Habarurema Paulin, mwana wa Hitimana. Thelathini na sita." Aliinua macho, na kwa mara ya kwanza alimtazama Paulin. "Kitabu chako cha mwanaume kiko wapi?"

"Sina, bwana. Niko mwanafunzi."

"Mwanaume akifika miaka kumi na nane anachukua kitabu. Anaandikiwa kazi, ao anarudi kwa chifu wake. Wewe uko na kumi na tisa. Mwaka mzima umejificha."

"Amejificha wapi?" Dancille alisema. "Anakaa kwa benchi ya mbele!"

"Mama, nyamaza kidogo," Paulin alisema kwa upole. Alisogea mezani. Alikuwa na uso ule ule wa Jumamosi, wa mtu anayetazama kitu kilichofunguliwa anataka kujua kinafungwa vipi. "Bwana Adalbert, tafadhali. Nikichukua kitabu leo, kitaandikwa mwaka gani?"

"Ulio kwenye rejista."

"Na kubadilisha mwaka wa rejista, nani anaomba?"

"Mwenyewe. Kama iko na kitabu."

"Chenye mwaka ule ule."

"Chenye mwaka ulioandikwa."

Paulin alifikiri. "Basi hii inazunguka peke yake, bwana. Haishike kitu."

Adalbert alimtazama muda mrefu. Huenda na yeye aliwahi kuuliza swali kama lile, zamani, kabla ya tai. Kama aliuliza, alikuwa ameshajua lilimfikisha wapi mtu aliyeliuliza mara ya pili. Kikohozi kikasikika tena. Akagonga kengele ndogo mezani, na polisi mwenye kofia nyekundu akatoka upande wa nyuma.

"Mwanaume huyu hana kitabu," Adalbert alisema, na sasa alikuwa anaongea kwa sauti iliyoweza kusikika nyuma ya mlango. "Atengenezewe. Kisha siku thelathini za kazi ya barabara."

Dancille alishika ukingo wa meza. "Nilikuja kuomba wapunguze. Bwana, nilikuja mwenyewe. Hakuna mutu aliyenileta. Kama singekuja, ungemujua?"

Adalbert alikuwa anaandika. "Hapana," alisema. "Singemjua."

Walimsogezea Paulin kidau cha wino. Yeye akanyoosha mkono kupokea kalamu.

"Kidole," polisi alisema.

"Ninajua kuandika jina langu."

"Fomu inasema kidole."

Polisi alikishika kidole gumba cha yule kijana kama mtu anavyoshika kichwa cha kuku, akakizamisha, akakikandamiza kwenye karatasi.

*

Alhamisi Dancille alikuwa ziwani anateka maji wakati meli ilipopiga honi. Hakuwa amepanga kuwa pale. Pipa la waashi halikujua Alhamisi. Vijana tisa wa misioni walikuwa wamesimama kwenye sitaha na masanduku yao ya bati, na Kamate alikuwa mmoja wao. Alimwona. Akainua mkono nusu, kama mtu asiyejua kama inafaa kupunga, akaushusha. Kisha akaupandisha wote, na akaendelea kuupunga mpaka uso wake haukuonekana tena.

Siku kumi hivi zilipita ndipo mwanamke anayeuza viazi kwenye kambi ya Paulin alipomletea ujumbe kwamba sajini anataka kumwona, aje asubuhi, kabla ya kuita majina. Kambi ya barabara ilikuwa Kanyaruchinya, njia ya Rutshuru. Dancille aliondoka jogoo wa kwanza akiwika, kikapu cha maharage mkononi, na kidonda cha mguu wake wa kushoto kilikuwa bado hakijafunga vizuri.

Sajini aliitwa Sikuli, mtu wa Butembo, mwenye mvi na tumbo. Alimsogeza kando ya uzio.

"Mama, mutoto wako iko na kichwa ngumu."

"Amefanya nini?"

"Hakuna alichofanya. Anapiga mawe vizuri, anasaidia wazee, juzi alitengeneza toroli iliyokuwa imekufa. Lakini kila asubuhi tunaita jina, jina ya baba, mwaka wa kuzaliwa. Kila mutu anajibu kama kitabu yake inavyosema. Yeye anasema thelathini na nane."

Dancille alihamisha kikapu mkono wa pili.

"Anayejibu vingine ni mwenye kubishana na serikali. Anaongezewa siku. Unaelewa? Kila asubuhi anamaliza siku moja, kila asubuhi naandika ingine. Ameingia na thelathini. Leo ni siku kumi na mbili, na bado ziko thelathini. Atazeekea hapa." Sajini alijikuna shingo. "Mimi pia niko na batoto, mama. Nikiacha kuandika, mukubwa akikuta, ananiandika mimi. Umwambie aseme tu. Ni neno."

"Na jibu lake unaliandika wapi?"

"Jibu gani?"

"Ile thelathini na nane."

"Aa. Siandike jibu. Naandika siku tu."

Akamruhusu kuingia.

Paulin alikuwa anakunja mkeka. Walikuwa wamemnyoa. Suruali ya kambi ilishonewa mwanaume. Aliikunja kiunoni mara mbili, akaifunga kwa kamba ya mgomba, na bado pindo lilimfunika visigino. Alipomwona mama yake aliruka.

"Umekuja na karatasi?"

Dancille alitikisa kichwa. Akamwekea kikapu chini, akamtazama anavyokula, haraka, kwa mkono ambao kiganja chake kilikuwa kimepasuka.

"Sajini ameniambia," alisema.

"Usijali, mama. Nimeshapanga." Alimeza, akasogea karibu, na akashusha sauti kwa furaha ya siri, kama alivyofanya siku zote alipokuwa na mchoro mpya. "Shule inachukua tena mwakani. Mwakani mwezi wa nane nitakuwa bado na kumi na saba. Bado naingia. Sasa sikiliza. Hapa Sajini iko na kitabu chake. Kila asubuhi najibu, na kila asubuhi naona anaandika. Mara kumi na moja sasa. Kitabu cha serikali, mama, mukono wa serikali: thelathini na nane, thelathini na nane. Siku moja mutu atafungua atakuta rejista inasema vile, na hii inasema hivi, mara kumi na moja, mara ishirini. Watauliza. Hawatakosa kuuliza."

Dancille alitazama ile suruali. Alitazama kichwa kilichonyolewa, ambacho bila nywele kilikuwa kidogo sana. Maneno ya Sajini yalikuwa kinywani mwake, yote, na alijua kwamba akiyatoa, mwanawe atabaki na siku thelathini na bila kitu cha kuzijaza.

"Sema thelathini na sita," alisema.

"Nini?"

"Leo wakiita. Sema thelathini na sita."

"Mama, ni uongo."

"Najua. Ni wangu."

"Nikiusema mimi, kwa kinywa changu, nani atabaki wa kusema ingine?" Sauti yake ilipanda, wazee wawili wakageuka. "Wewe njo uliniambia. Moto, jivu, majani ya migomba. Wewe njo uliniambia!"

"Sasa ninakuambia hii."

"Wewe njo unasema?"

"Mimi njo ninasema."

Filimbi ikalia. Wanaume walijipanga mstari, nyundo begani. Paulin alifuta mikono yake kwenye suruali, akaenda kusimama mahali pake, wa nne. Dancille alibaki kwenye uzio. Sajini Sikuli alifungua kitabu juu ya pipa la lami, akalamba ncha ya penseli, akawaita watatu wa kwanza.

"Habarurema Paulin."

"Niko."

"Mwana wa?"

"Hitimana."

"Kuzaliwa?"

Mtu aliyekuwa wa tatu alikohoa. Paulin hakumtazama mama yake. Macho yake yalikuwa kwenye penseli.

"Elfu moja mia tisa thelathini na sita."

"Vizuri," Sajini alisema.

Penseli haikusogea. Paulin aliisubiri. Alinyoosha shingo kidogo kuiona vizuri, na bado ilikuwa imelala kati ya vidole vya yule mzee, juu ya karatasi.

"Sajini, haujaandika."

"Leo hakuna cha kuandika. Umejibu sawa."

"Na zile zingine? Zile kumi na moja?"

"Zipi?" Sikuli aligeuza kitabu, akamwonyesha bila ubaya: jina, na mbele yake vijistari vifupi vilivyosimama, kimoja kando ya kingine. "Zile ni siku."

Akafunua ukurasa.

"Nzabonimpa!"